Mwongozo kamili: jinsi ya kupanga safari ya kuona wanyama wakubwa na mwongozaji, ukitokea Nakuru, Kisumu ama huku western

Kila Agosti ikikaribia maswali yanayonifikia ni yale yale, na malalamiko pia ni yale yale. Chama kimechanga miezi kadhaa, wakakodi matatu, wakatoka Kisumu alfajiri, wakafika geti ya Mara mchana jua likiwa utosini, wakazunguka masaa mawili matatu wakaona punda milia na swala, wakarudi usiku wamechoka na wamenuniana, halafu mtu anaambia wenzake eti Mara haina simba. Simba wako, tena wengi. Ile siku iliharibika kabla gari haijawashwa, na hapo ndo mwongozo huu unaanza.

Kitu kimoja kwanza, juu kuna wale huuliza kuhusu kuwinda kwenyewe, kwa bunduki. Kenya ilifunga uwindaji 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 bado inaukataza. Mtu akikuambia anaeza kukupangia umpige nyati kwa shamba ya tajiri fulani, huyo anakuuzia kesi. Kama una mgeni kutoka ng'ambo ambaye lazima awinde, Tanzania na Uganda hutoa vibali, na hiyo inapangwa na kampuni zilizosajiliwa huko huko, si mtu wa kati hapa Nakuru anayepokea deposit kwa Mpesa. Usishike pesa yake. Mengine yote hapa chini ni ya kuwafuata wale watano wakubwa, yaani ndovu, simba, chui, nyati na kifaru, kwa macho na kamera.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapigia mtu simu

- Kitambulisho original cha kila mtu mzima, na kwa watoto birth certificate ama kitambulisho cha shule. Bei ya raia wa Afrika Mashariki inataka ushahidi, na bila ushahidi mnaeza kubishana getini mpaka jua lipande.
- Akaunti ya eCitizen (ule mtandao wa malipo ya serikali) inayofanya kazi, ya mtu mmoja mwenye bundles na chaji. Mbuga za KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, hazipokei pesa taslimu.
- Orodha ya majina na umri. Umri ni muhimu kwa sababu bei ya mtoto ni tofauti.
- Darubini, hata moja kwa watu wawili. Ile imeandikwa 8x42 inatosha kabisa, hizo kubwa zaidi mkono ukitetemeka huoni kitu.
- Sweta nzito na koti. Watu wa Kisumu hii mnaidharau sana, lakini Mara asubuhi na paa likiwa wazi ni baridi ya kuumiza masikio.
- Chupa za maji za kujaza tena. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilikatazwa kwa mbuga zetu tangu Juni 2020, na karatasi za plastiki hata kabla ya hapo.
- Mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa mchele ama maharagwe, wa kuweka kamera juu ya dirisha isitikisike. Mchele mtapika mkirudi.

Dawa za kawaida beba, na kwa sababu Mara ina malaria wale mnaoishi sehemu za baridi kama Molo, Njoro, Kericho muulize daktari wenu mapema, si asubuhi ya kusafiri.

## Hatua ya 1: Chagua mbuga moja, na ujue iko na nani

Hapa ndo wengi huteleza. Wanasema tu "tunaenda kuona big five" bila kuuliza kama wote watano wako hapo.

Lake Nakuru iko na vifaru, weusi na weupe, na kwa maoni yangu hakuna mahali rahisi zaidi ya kuona kifaru kwa mtu wa Rift Valley ama western. Iko na simba, chui, nyati wengi, na twiga wa Rothschild. Ndovu haina. Mbuga yote ni kilomita 188 za mraba pamoja na ziwa lenyewe na imezungushwa fensi, kwa hivyo siku moja iliyopangwa vizuri inatosha. Flamingo usiwaahidi watoto, maji yamepanda sana miaka hii na wengi huhamia ziwa Bogoria.

Maasai Mara iko na wote watano, lakini vifaru wake ni weusi, ni wachache na wanapenda vichaka, kwa hivyo unaeza kukaa siku mbili usimwone hata mmoja. Simba, duma, ndovu, hapo ndo kwao.

Ruma, kule Homa Bay kwa bonde la Lambwe, ni ya mtu anayependa kitu tofauti. Ndo mbuga ya korongo, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu, na kuna twiga na vifaru na hakuna msongamano wa magari. Mbung'o wako, kwa hivyo nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani, hizo rangi zinawaita. Kuhusu Impala Sanctuary ya Kisumu, ni pahali pazuri pa kupeleka watoto Jumapili, lakini simba na chui wa hapo wako kwa vizimba, usiihesabu kama safari.

Uamuzi wangu ni huu: mkiwa na siku moja tu endeni Lake Nakuru. Mkiwa na usiku mbili endeni Mara. Mkiwa na usiku tatu, laleni Nakuru moja mumalize kifaru, halafu Mara mbili. Maasai Mara ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Kisumu ama Kakamega nakataa kabisa, hata mkinipa dereva wa ndege.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kuandika kwa grupu sentensi moja: tunaenda mbuga fulani, usiku kadhaa, kuona wanyama hawa.

## Hatua ya 2: Tarehe

Nyumbu huwa Mara kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba, wakitoka Serengeti. Hiyo ndo miezi ya bei kali, na kwa mto Mara mnaeza kuhesabu magari mengi kuliko mamba. Kuvuka mto hakuna mtu wa kukuahidi, nyumbu wanaeza kusimama ukingoni masaa manne halafu wageuke warudi kula nyasi.

Kama haja yenu ni wale watano na si nyumbu, nendeni Januari, Februari ama Juni. Simba hawahami na nyumbu, wana maeneo yao na wanabaki. Loji zinapunguza bei na mnapata mnyama peke yenu. Machi mpaka Mei ni mvua ndefu, na udongo mweusi wa Mara ukilowa unameza gari mpaka mlango, hapo bila 4x4 na dereva anayejua msijaribu.

## Hatua ya 3: Idadi ya watu na gari

Watu sita kwa gari moja, saba mwisho, kila mtu na dirisha lake. Matatu ya 14 inapunguza gharama, najua, lakini dirisha zake ni ndogo, paa halifunguki, na yule amekaa katikati ataona kisogo cha mwenzake siku nzima na bado amelipa tiketi kama wengine. Mkiwa kumi na mbili kodini van mbili za paa la kufunguka. Mkiwa wanane, ongeeni vizuri na wawili wangoje safari ijayo ama muongeze watu mjae gari mbili.

Van ya kawaida inatosha kwa Lake Nakuru, na kwa Mara wakati wa jua. Ruma na Mara ya mvua tafuta Land Cruiser.

## Hatua ya 4: Hesabu, zote

Mwekahazina aandike hivi vitu kwa karatasi kabla ya kuambia mtu achange ngapi: kodi ya gari kwa siku, mafuta (uliza kama imo kwa kodi ama la), tiketi ya kila mtu kwa kila siku mtakayoingia, tiketi ya gari yenyewe, malazi, chakula cha njiani, kitanda na chakula cha dereva, shukrani ya mwongozaji, halafu asilimia kumi juu ya jumla ya vitu visivyotarajiwa. Ndo ugawanye kwa watu.

Tiketi ya gari ndo watu husahau. Mbuga za KWS hutoza gari kulingana na idadi ya viti, na hiyo haimo kwa tiketi yako. Ya pili inayosahaulika ni kitanda cha dereva. Dereva akilala kwa gari kesho yake saa kumi na moja anaamka amechoka, na huyo ndiye amebeba watoto wenu.

Bei za viingilio zimekuwa zikibadilika sana, kwa hivyo usitumie bei ya mtu alienda mwaka juzi. Angalia eCitizen wiki hiyo hiyo mnapanga, na kwa Mara uliza upande wa kaunti ya Narok kwa sababu Mara haiko chini ya KWS.

Onyo: mchango ufungwe wiki mbili kabla. Mtu akisema atalipa getini, hesabu kwamba haendi, mpe nafasi mwingine.

## Hatua ya 5: Mwongozaji, na hapa usikimbie

Ningekuwa na nafasi ya kusisitiza hatua moja tu ni hii. Watu wanatumia wiki nzima kubishana bei ya loji halafu wanachukua dereva yeyote ambaye kampuni imetuma. Dereva anajua barabara. Mwongozaji anajua kwa nini swala wote wamesimama wakiangalia upande mmoja, na hiyo ndo tofauti ya kuona chui na kutoona.

Anza na kampuni. Iwe na leseni ya Tourism Regulatory Authority ya mwaka huu, gari liwe na insurance ya kubeba watalii, na malipo yaende kwa till ama paybill yenye jina la kampuni. Namba ya simu ya mtu binafsi, hapana, hata kama ni shemeji wa mtu mnayemjua. Deposit lipeni sehemu tu mkapewa risiti iliyoandikwa tarehe, mbuga, aina ya gari na kama tiketi zimo ama hazimo.

Halafu muulize mwongozaji mwenyewe, si ofisi. Kuna chama cha waongozaji, KPSGA, ambacho hutahini na kutoa daraja tatu: bronze, silver na gold. Bronze mzuri anatosha kabisa kwa safari ya familia. Asiye na cheti si lazima awe mbaya, kuna vijana wa Talek na Sekenani, vijiji vya karibu na geti za Mara, wamezaliwa hapo na wanasoma nyayo kuliko wenye vyeti, lakini huyo lazima mtu unayemwamini awe ameenda naye.

Ujumbe wa kumtumia unaeza kuwa hivi:

"Habari ya leo kaka. Tuko watu sita, wawili ni watoto wa miaka 9 na 12, tunakuja Mara usiku mbili mwezi wa sita. Tungependa kujua: asubuhi tutakuwa getini saa ngapi? Siku ya kwanza ungetupeleka upande gani na kwa nini? Na tukikuta magari mengi kwa mnyama huwa unafanyaje? Asante sana."

Majibu ndo mtihani. Akisema "saa mbili baada ya breakfast ni sawa", tafuta mwingine. Akisema atawapeleka karibu kabisa na simba nje ya barabara mpige picha nzuri, tafuta mwingine haraka, huyo atawaletea faini. Akikuuliza nyinyi mnapenda nini, watoto wanavumilia masaa mangapi, kuna mzee mwenye mgongo mbaya ama la, huyo ndiye. Mzee mwenye mgongo akae katikati ya gari, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kiti cha nyuma kabisa kinarusha.

## Hatua ya 6: Njia na mahali pa kulala

Watu wa Kisumu, Kisii, Migori, nawaomba muache kuzunguka Narok kwa mazoea. Kuna njia ya Kisii, Kilgoris, Lolgorian, halafu unashuka ukuta wa Oloololo mpaka geti ya Oloololo, na hapo uko ndani ya Mara Triangle, upande wa magharibi wa mto, wenye barabara nzuri na ambao kawaida hauna magari mengi kama upande ule mwingine. Ile sehemu ya kuteremka ni mbaya mvua ikinyesha, kwa hivyo piga simu kempu mtakapolala siku moja kabla muulize hali yake, na mshuke mchana.

Mkitoka Nakuru pitieni Mai Mahiu mpaka Narok, ama mkate Njoro na Mau Narok kama dereva anaijua hali ya barabara wiki hiyo. Kutoka Narok kuna lami mpaka Sekenani. Jazeni tanki Narok.

Malazi: laleni karibu na geti. Kempu ya bei nafuu dakika kumi kutoka getini inashinda hoteli nzuri ya Narok mjini, kwa sababu mkilala Narok yale masaa mawili mazuri ya asubuhi mtayamaliza kwa lami mkiangalia lori. Hata Lake Nakuru, kama mnatoka Eldoret ama Bungoma, fikeni jioni mlale Nakuru.

## Hatua ya 7: Tiketi

Lipeni ya KWS usiku uliotangulia, na mhifadhi ile tiketi kama picha kwa simu mbili tofauti, network ya getini isiwasumbue. Someni tarehe na jina la mbuga kabla ya kubonyeza, watu wamelipia mbuga nyingine.

Tiketi ya Mara ni ya masaa 12, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Ukilala nje ya hifadhi usidhani utatoka kula lunch urudi, kwa kawaida ni ya kuingia mara moja, kwa hivyo chakula cha mchana kiwe ndani ya gari. Mkilala ndani, siku ya kuondoka muwe mmetoka saa nne asubuhi, la sivyo mnatozwa siku nyingine. Na usichukulie kwamba tiketi ya upande wa Sekenani inakubalika Triangle, uliza kabla.

Ishara kwamba hatua hii imekaa sawa: kabla ya kulala kila mtu ana kitambulisho mkononi na hakuna anayetafuta PIN.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Muwe getini saa kumi na mbili kasorobo. Sababu ni rahisi, simba na chui wanatembea wakati wa baridi, jua likipanda wanalala kwa kivuli na huwaoni hata wakiwa mita ishirini. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne, kisha saa kumi jioni mpaka kufunga, hiyo ndo safari. Katikati hapo kula, pumzika, waangalie ndovu na viboko ambao hawajali jua.

Mkiingia, ombeni mwongozaji azime injini mara kwa mara, msikilize. Nyani na tumbili wakianza kelele za ghafla, wakiangalia chini, kuna chui. Tai wakiwa wamekaa juu ya mti bila kushuka, kuna mzoga na mwenye mzoga bado anakula. Duma mtafute juu ya kichuguu, anapandia hapo kuona mbali. Chui mtafute kwa matawi makubwa yaliyolala, miti kando ya mito Mara, migunga ya njano Nakuru, na mara nyingi kitu cha kwanza utaona ni mkia unaning'inia.

Kifaru mweupe kwa Lake Nakuru hula nyasi kwa uwanda karibu na maji asubuhi na jioni, kwa hivyo anzeni huko kabla ya kupanda Baboon Cliff, ule mwamba wa juu. Mweusi anakula majani, angalia vichaka.

Mkimpata mnyama, mkae. Hii watu wanashindwa sana, wanapiga picha mbili halafu "twende tutafute mwingine". Simba aliyelala ukimngoja nusu saa anaamka, watoto wake wanatokea kwa nyasi, na hapo ndo watoto wenu watakumbuka. Lakini kama kuna magari yanangoja, sheria ya Mara ni magari matano kwa mnyama na dakika kumi kila moja, mpisheni mwenzenu.

Maonyo, na haya si ya mchezo:

Usitoke kwa gari isipokuwa mahali pameruhusiwa, hata kukojoa. Mwambie mwongozaji mapema, anajua pa kusimama.

Nyati dume mzee aliyebaki peke yake msimkaribie. Hana kundi la kumlinda kwa hivyo anashambulia kwanza.

Ndovu akitandaza masikio na kutikisa kichwa, kimya kabisa, na mwongozaji arudi nyuma polepole. Kati ya mama na mtoto msiingie kamwe.

Barabara ni ile ile, msiiache. Matairi yanaua nyasi na kufukuza duma akiwinda, na duma aliyepoteza windo ana watoto wa kulisha.

Madirisha mfunge mkila kwa sehemu za piknik Nakuru, nyani wa pale hawaombi.

## Hatua ya 9: Mkikosa mnyama, na kutoka

Siku ya pili asubuhi kama chui bado, msimzungushe mwongozaji mbuga yote. Mwambieni achague mto mmoja wenye miti mikubwa mkae hapo polepole mpaka saa tatu, kwenda na kurudi. Nafasi inakuwa kubwa kuliko kukimbia kila mahali redio ya madereva imesema, kwa sababu mkifika huko tayari kuna magari na chui ameingia kichakani.

Kama mlilala ndani, wekeni alarm ya saa tatu na nusu kwa simu ya mtu mmoja ili mrudi upande wa geti bila kukimbizana na ule muda wa saa nne. Shukrani ya mwongozaji mpeni mkononi mwake yeye mwenyewe, msiiache ofisini, na mkiridhika mchukueni namba yake kabla hamjafika lami, juu mwakani kampuni inaeza kuwatumia mtu mwingine.